Gereji inayouzika huanzia kwenye kadi ya kazi

Mnunuzi wa gereji akishamaliza kuhesabu majeki, kompresa na matoroli ya spana, huuliza swali ambalo wamiliki wengi hapa Dar es Salaam hawana jibu lake: "Ukiondoka wewe, wateja watabaki?" Kiwanja ni cha kupanga. Mafundi wanalipwa kwa siku. Namba wanayopiga wateja ni ya simu ya mwenye gereji, na historia ya magari yao iko kichwani mwake. Hapo kinachouzwa ni vyuma tu, na vyuma vilivyotumika miaka kumi kwenye vumbi na grisi havina bei ya kumstaafisha mtu.

Nazungumzia gereji ya mafundi watatu hadi sita, yenye lifti moja au shimo, ambayo kazi yake kubwa ni Toyota zilizotumika Japani: IST, Vitz, Premio, Noah, Harrier. Gereji ya namna hiyo inaweza kuuzwa kwa bei nzuri mwenyewe anapotaka kupumzika. Ila maandalizi yake hayaanzi mwaka wa kustaafu. Yanaanzia kwenye kumwaga oili, na jinsi kazi hiyo inavyoandikwa.

Sevisi kwa vipimo, si kwa mazoea

Tuchukue IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, kwa kuwa ndiyo inayolisha gereji nyingi. Kabla hujashika spana, soma namba ya chesisi. NCP60 ina injini ya 2NZ-FE, cc 1300. NCP61 ina 1NZ-FE, cc 1500. NCP65 ni cc 1500 yenye foo wili. Kwa nje ni gari moja, ila spea si zote zinazoingiliana. Fundi anayeandika "IST" peke yake kwenye oda ndiye anayemrudisha kijana kwenye maduka ya spea ya Gerezani mara mbili kwa siku, na nauli na muda huo hakuna mteja anayeulipa.

1NZ-FE ikibadilishwa oili pamoja na filta inachukua lita 3.7. Galoni la oili la dukani ni lita 4. Ile mililita 300 inayobaki, mafundi wengi huimalizia humohumo ili mteja asihisi kaibiwa. Oili ikizidi kipimo hutiwa povu na kranki, na nyingine hupanda na bomba la kupumulia mpaka kwenye throto bodi na kuichafua. Mwachie mteja galoni lake na mabaki kwenye buti, mwambie ni ya kuongezea.

Injini iwashwe dakika tano ipate joto, oili iachwe idondoke dakika kumi au zaidi gari likiwa limelala sawa. Nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, irudi na washa mpya, ikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), takriban Nm 38. Sampu nyingi zinazovuja mjini hazina ubaya wowote wa kiwandani. Uzi umekufa kwa sababu mtu alikaza kwa spana aliyoiongezea bomba. Ukivua filta ya zamani, angalia kama mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye bloku na ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili itashikilia kwa muda, kisha presha itautoa mmoja na oili yote itamwagika barabarani. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Filta yenyewe ni 90915-YZZE1, na za bandia ziko nyingi. Chungulia ndani ya tundu: mpira wa kuzuia oili isirudi uwe laini na umekaa vizuri pande zote.

Kwa oili ya kawaida ya 5W-30, andika kilomita 5,000 na si zaidi, hata kama galoni linajisifu kwa kilomita 10,000. Gari linaloshinda kwenye foleni injini ikinguruma, AC ikiwa imewashwa na jua la saa nane, linachakaza oili bila dashibodi kuhesabu. Teksi ya mtandaoni inaweza kufikisha kilomita 5,000 ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo mwenye gari hilo umpe tarehe pia.

Sababu ya kusisitiza hivi ni cheni. 1NZ-FE haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kikaza cheni chake kinategemea presha ya oili. Oili ikiwa nzito kama uji wa jana, kikaza kinachelewa, cheni inagonga asubuhi gari likiwashwa, na baada ya muda inalegea. Pia ile valvu ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa valvu kufunguka, ina chujio dogo ambalo huziba kwa uchafu. Mashine ya kupimia ikikuonyesha namba ya hitilafu P0011 au P0016, anza na hali ya oili na chujio hilo kabla hujamwambia mteja anunue cheni seti nzima.

Themostati isitolewe

Hapa ndipo gereji zetu nyingi zinapoharibu magari ya watu kwa nia njema. Gari linachemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa, sindano ya joto inashuka, kila mtu anafurahi.

Themostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kwa upande wake wa chini inafunga njia ya mkato ambayo maji huzunguka injini ikiwa baridi. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na siku ya kupanda mlima na mzigo gari linachemsha kuliko mwanzo. Siku za kawaida tatizo linakuwa kinyume: injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Mteja analalamika gari linakula mafuta, na hakuna anayeikumbuka themostati ya mwaka jana, kwa sababu haikuandikwa popote.

Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, pasha taratibu, itazame inapoanza kufunguka. Kama haijafunguka maji yakipita nyuzi 84, au imebaki wazi ikiwa baridi, nunua mpya.

Gari linalochemsha likaguliwe kwa mpangilio. Mfuniko wa rejeta kwanza: umechapwa namba ya presha, 0.9 au 1.1, weka namba ileile iliyokuja na gari. Mpira wake ukifa, presha haishiki, na maji yasiyo na presha huchemka mapema. Kisha feni: je, inawaka AC ikiwashwa? Kisha rejeta kwa nje, maana vumbi na wadudu hujaa katikati ya kondensa na rejeta pasipoonekana. Kisha uvujaji wa pampu ya maji. Gasketi ya hedi iwe ya mwisho kutuhumiwa, na ipimwe kwa kifaa cha kunusa gesi ya moshi kwenye maji ya rejeta, si kwa kuhisi. Na maji ya bomba, hasa ya kisima cha chumvi cha huku pwani, yasiingie kabisa. Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yale ya kuongezea betri, si asidi.

Ikifika hedi kushushwa, weka rula ya chuma juu yake na upime kwa fila geji. Kiwango cha mwisho cha kupinda upande wa bloku ni milimita 0.05. Ikizidi hapo ipelekwe kuchongwa. Bolti zake kumi zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje: mzunguko wa kwanza Nm 29, halafu zizungushwe nyuzi 90 (robo mzunguko), halafu nyuzi 90 nyingine. Zimetengenezwa zivutike zinapokazwa, kwa hiyo bolti iliyorefuka au kukonda isirudishwe. Kwa Harrier, RAV4 na Alphard zenye 2AZ-FE kuna jambo la ziada: uzi wa bolti kwenye bloku yenyewe hung'oka, mara nyingi upande wa nyuma. Kubadili gasketi bila kuweka bushi za uzi za chuma ni kumwomba mteja arudi na hasira. Kama huna jigi ya kutobolea mashimo hayo wima, ikatae kazi hiyo au ipeleke karakana ya mashine.

Giaboksi nitaisema kwa ufupi kwa kuwa kosa ni lilelile kila siku. IST ya giaboksi otomatiki inataka oili ya aina ya T-IV. Toyota za baadaye zinataka WS. Zenye CVT, giaboksi otomatiki ya mkanda, kama baadhi ya Vitz, zinataka oili ya CVT tu, TC au FE kulingana na maelezo ya gari, na ukiweka ATF, oili ya giaboksi otomatiki ya kawaida, mkanda wa ndani utateleza mpaka uliwe. Oili nyekundu zinafanana kwa macho. Hakuna kubahatisha, soma dipstiki au kitabu.

Na bushi za lowa amu, mkono wa chini unaoshika gurudumu: bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia kwenye lifti. Ukizikaza zikining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na baada ya miezi michache umechanika. Mteja atasema umemuuzia bushi feki, kumbe ni namna zilivyofungwa.

Kadi ya kazi

Kila gari linaloingia getini lifunguliwe kadi, hata kama limekuja kujazwa upepo na kuangaliwa mlio. Kadi ya karatasi ngumu inatosha. Programu ya kompyuta ni nzuri zaidi kama kuna mtu wa kuijaza kila jioni, lakini programu isiyojazwa haina faida mbele ya daftari la shilingi elfu tatu.

Iandikwe namba ya gari, namba ya chesisi yote, aina ya injini (kama 1NZ-FE), kilomita, kiwango cha mafuta, vitu vilivyomo ndani, na mikwaruzo iliyopo kabla hujaligusa. Malalamiko yaandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe: "linalia kwi kwi likikata kona kushoto asubuhi" yanamsaidia fundi kuliko "cheki shokapu". Kisha kilichokutwa, kilichokubaliwa kwa bei gani na saa ngapi (ujumbe wa WhatsApp unahesabika, upigie picha), spea zilizofungwa na namba zake, jina la fundi, na sevisi ijayo kwa kilomita na kwa tarehe. Spea ya zamani irudi kwa mteja ndani ya boksi la ile mpya. Kitendo hicho kidogo kinaua nusu ya ubishi wa gereji.

Mstari wa mwisho ni wa kazi zilizoahirishwa. Pedi za mbele zina milimita 4, mteja kasema hana hela: andika. Baada ya miezi miwili kijana wa mapokezi anapiga: "Shikamoo mzee, zile pedi tulizokuonyesha mwezi wa tatu sasa zitakuwa zimefika mwisho, uje Jumamosi?" Simu hiyo huleta kazi kuliko bango la barabarani. Na mnunuzi anapofungua kabati akakuta kadi za magari 400 zenye tarehe, kilomita na kazi zinazosubiri, anaona mapato yajayo kwa macho yake, hata bila wewe kuwepo.

Wateja wakae kwenye namba ya simu ya gereji, si ya fundi wala ya mwenye mali. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho chako cha NIDA ni yako, huwezi kumkabidhi mtu kama funguo. Lipa namba nayo ibebe jina la gereji.

Bei ya saa moja ya fundi

Wamiliki wengi hupanga bei ya ufundi kwa kusikiliza jirani anatoza ngapi. Hesabu yenyewe si ngumu. Huu ni mfano wa kutunga wa gereji yenye mafundi wanne.

Kwa mwezi, kodi ya eneo ni sh 800,000. Mishahara ya mafundi ni sh 2,400,000 na mchango wa NSSF wa mwajiri wa asilimia 10 ni sh 240,000. Umeme na maji 250,000. Ulinzi, usafi na taka 200,000. Grisi, misasa, matambara na dawa ya kusafishia breki 210,000. Leseni, kodi ya serikali na ukaguzi, vikigawanywa kwa miezi, 400,000. Kurudia kazi zilizorudi na kasoro 200,000. Jumla sh 4,700,000.

Mafundi wanne, siku 26, saa 8, ni saa 832. Lakini hakuna gereji inayouza saa zote. Kuna kusubiri spea, kusubiri mteja ajibu, kusukuma gari. Asilimia 60 ni makadirio ya kiungwana, takriban saa 499. Gawanya: kila saa inayouzwa inagharimu karibu sh 9,400 kabla mwenye gereji hajala.

Na mwenye gereji naye anafanya kazi. Anapokea magari, anapima, anabembeleza. Angeondoka, angehitaji foreman wa sh 1,300,000 pamoja na NSSF yake 130,000. Gharama halisi inapanda hadi sh 6,130,000, yaani takriban sh 12,300 kwa saa. Kama ufundi unaingiza sh 6,200,000 kwa mwezi, ufundi umejilipa wenyewe na kubakisha sh 70,000. Faida yote ya gereji hii inatoka kwenye spea na oili, tuseme sh 2,300,000 baada ya kutoa bei ya kununulia. Jumla ni sh 2,370,000.

Watu hutazama mfano huu wakashtuka, na ni sawa kushtuka. Ndiyo hali ya gereji nyingi ambazo mwenyewe anaamini anapata karibu milioni nne. Anapata mshahara wake na faida ndogo, vikiwa mfuko mmoja. Dawa yake ni kupandisha zile saa 499. Stoku ndogo ya filta, plagi, pedi na mikanda ya magari kumi yanayokuja sana inapunguza safari za Kariakoo, na saa zinazookolewa zinauzwa.

Faida ya spea iwe ya wazi, kwenye risiti. "Cha juu" cha kificho kinachoingia mfukoni mwa fundi moja kwa moja kina ubaya mara mbili: fundi anachagua duka linalompa zaidi badala ya spea nzuri, na mapato hayo hayaonekani kwenye vitabu siku ya kuuza. Mnunuzi hanunui hela asiyoiona. Ila kumbuka, spea ikipita kwenye risiti yako ya EFD inakuwa mauzo yako. Gereji ya mfano ikiuza spea za milioni 9 kwa mwezi juu ya ufundi, mauzo ya mwaka yanafika sh 182,400,000, na kizingiti cha kujisajili VAT kilipandishwa hadi milioni 200 mwaka 2023. Ukikaribia hapo, mwite mhasibu mapema.

Kuuza

Anza miaka mitatu kabla. Mnunuzi makini atataka hesabu za miaka mitatu zilizopelekwa TRA, na huwezi kuzitengeneza kwa wiki moja.

Cha kwanza ni mkataba wa pango. Kama unakaa kwa maelewano na mwenye kiwanja, huna gereji ya kuuza. Tafuta mkataba wa maandishi, angalau miaka mitano, wenye kifungu kinachoruhusu kumhamishia mpangaji mwingine kwa ridhaa ya mwenye kiwanja ambayo haitazuiliwa bila sababu. Lifti ya nguzo mbili iliyofungwa kwenye zege na umeme wa fezi tatu uliouvuta kwa hela yako vitajwe humo kuwa ni mali yako au vinabaki kwa fidia. Bila hivyo, siku ukiondoka mwenye kiwanja atavikodisha kama vyake.

Bei sasa. Rudi kwenye mfano: sh 2,370,000 kwa mwezi ni sh 28,440,000 kwa mwaka, baada ya foreman kulipwa. Biashara ndogo inayotegemea watu, mnunuzi mwenye akili atataka hela yake irudi ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hiyo ni kati ya sh 42,660,000 na 56,880,000, vifaa vya kazi vikiwa ndani ya bei hiyo. Stoku ya spea huhesabiwa kando kwa bei ya kununulia, na spea za magari yasiyokuja tena zisihesabiwe. Kama foreman hayupo na kadi hazipo, mnunuzi atakadiria vifaa tu.

Ndiyo maana miezi kumi na miwili ya mwisho mwenye gereji ajiondoe taratibu. Foreman apokee magari Jumatatu hadi Jumatano, kisha wiki nzima. Mapato yakishuka kipindi hicho, umegundua tatizo ukiwa bado na muda wa kulirekebisha. Fundi aliyejifunzia kazi mtaani apelekwe VETA akapimwe ujuzi wake na kupewa cheti, maana kampuni zenye magari mengi huuliza vyeti kabla ya kukupa mkataba.

Mnunuzi wa kweli mara nyingi ndiye huyo foreman. Hana milioni 50. Ana milioni 10, na anazijua kazi zote. Kumuuzia kwa awamu ni jambo zuri, ila iandikwe mbele ya wakili: malipo ya mwanzo, kiasi cha kila mwezi, vifaa vibaki dhamana mpaka deni liishe, na haki ya kuona hesabu kila mwezi. Undugu usichukue nafasi ya maandishi. "Si tunajuana" ndiyo iliyofunga gereji nyingi zilizorithishwa watoto na wapwa.

Kabla ya kusaini, safisha vitu ambavyo hakuna anayependa kuvitaja. Magari yaliyotelekezwa uani: orodhesha kila moja, wenyewe waandikiwe, mkataba useme nani anabaki nayo. Oili chafu na betri mbovu: ziondoke kwa mtu anayeruhusiwa kuzichukua na risiti ibaki, maana udongo uliolowa oili ni hoja ya kupunguziwa bei na ni kesi ya NEMC, baraza la mazingira. Wafanyakazi: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi unayemwachisha anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka kumi. Fundi wa sh 600,000 aliyekaa miaka minane ni karibu sh 1,292,000. Ama umlipe, ama mkataba useme wazi kuwa mnunuzi anamchukua na miaka yake yote. Wateja nao wajulishwe kwa ujumbe kuwa kumbukumbu zao zinahamia kwa mmiliki mpya, kwa kuwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 namba za simu za watu si mali ya kugawa.

Jina la biashara libadilishwe umiliki BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au kama ni kampuni, hisa zihamishwe huko huko. Mnunuzi akate leseni yake manispaa na awe na TIN yake. Wewe chukua cheti cha TRA kwamba hudaiwi.

Kuhusu NSSF, lisemwe mapema kwa walio chini ya miaka 45. Mtu aliyejiajiri anaweza kuchangia, na pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180. Anayeanza akiwa na miaka 45 anafikisha akiwa na 60. Anayeanza akiwa na 50 hafiki, kwa hiyo bei ya gereji ndiyo itakayombeba, na hapaswi kuipunguza kwa haraka za kutaka kurudi kijijini.

Makabidhiano yachukue miezi mitatu. Mwezi wa kwanza uwepo kila siku, ukimtambulisha mmiliki mpya kwa kila mteja anayeingia. Mwezi wa pili siku mbili kwa wiki. Wa tatu uwe wa simu tu. Mnunuzi abaki na asilimia 15 au 20 ya bei mpaka mwisho wa kipindi hicho, na wewe uahidi kwa maandishi kutofungua gereji nyingine eneo hilo kwa muda mtakaokubaliana.

Na tarehe ya mpaka wa waranti iandikwe. Kazi iliyofanyika kabla ya makabidhiano ikirudi ndani ya siku 90, ufundi na spea ni juu ya muuzaji, na vinakatwa kwenye ile hela iliyobaki. Kadi ya kazi ndiyo itakayoonyesha nani alifunga nini na lini.